Vita Vinavyoanza Mwaka 1943

Wapenzi wa picha za vita, wawe Kongowe kwenye banda la video karibu na barabara ya Morogoro au Kisarawe sebuleni mbele ya televisheni, wana swali ambalo hulirudia kila picha ya Kiitalia inapokwisha: mbona humu Mwitalia huwa hana kosa? Mjerumani anatesa, Mmarekani anaangusha mabomu, mwanajeshi wa Morocco anabaka. Mwitalia yeye analia, anaficha mtoto, anagawana mkate na jirani, mwishowe anauawa. Mwenye kujua historia kidogo huongeza swali la pili, zito kuliko la kwanza. Si Waitalia hawa hawa walioivamia Uhabeshi, wakaiteka Moyale, wakaipiga Malindi kwa ndege? Si hao ambao vijana wa Tanganyika walisafirishwa maili nyingi kwenda kupigana nao? Vita hivyo viko wapi ndani ya picha zao?

Jibu ninalolitetea katika sura hii halianzi kwa kuzilaumu filamu hizo kwamba ni za uongo. Nyingi ni kazi bora kabisa, na baadhi yake zimewafundisha watengenezaji wa filamu duniani kote namna ya kumtazama mtu wa kawaida aliyeangukiwa na vita. Kinachomfanya Mwitalia aonekane hana hatia ni siku ambayo hadithi huanza. Kila anayesimulia vita huchagua siku ya kuanzia, na siku hiyo ndiyo inayoamua nani ni mchokozi na nani ameonewa. Sinema ya Italia, kwa sehemu yake kubwa na iliyo bora, imechagua kuanzia mwaka 1943. Sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya kuanza kuhesabu mwaka 1935, na tukifanya hivyo picha zile zile tunazozipenda zinatuonesha jambo jingine.

Tarehe tatu

Kabla ya kuingia ndani, msomaji ashike tarehe tatu, maana hoja yote inazizunguka:

- Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Benito Mussolini yanaivamia Uhabeshi bila kutangaza vita. Tarehe 5 Mei 1936 yanaingia Addis Ababa, baada ya kutumia hata gesi ya sumu.
- Tarehe 10 Juni 1940 Mussolini anaingia vita vikuu upande wa Ujerumani. Siku hiyo Kenya, yenye mpaka na Uhabeshi na Somalia zilizokuwa mikononi mwa Waitalia, inakuwa mstari wa mbele.
- Tarehe 8 Septemba 1943 Italia, baada ya kushindwa na kumwondoa Mussolini madarakani, inatangaza kusimamisha vita na Waingereza na Wamarekani. Wajerumani waliokuwa washirika wake wanaigeukia na kuikalia. Nchi yenyewe inakuwa uwanja wa mapigano.

Ukianza na tarehe ya tatu, Mwitalia ni raia aliyekaliwa na jeshi la kigeni, anayeuawa mtaani kwake. Ukianza na ile ya kwanza, raia huyo huyo ana ndugu, mwana au jirani aliyekuwa Uhabeshi miaka saba iliyotangulia, akiwafanyia wengine yale anayofanyiwa sasa. Tarehe zote tatu ni za kweli. Filamu yenye urefu wa saa mbili haiwezi kuzibeba zote kwa uzito mmoja, kwa hiyo mwongozaji, yaani yule anayesimamia uigizaji na kamera na kuamua picha itakuwaje, analazimika kuchagua.

Kamera iliyotoka barabarani

Uchaguzi wenyewe ulifanywa mapema. Roma ilikombolewa kutoka kwa Wajerumani Juni 1944. Januari 1945, vita vikiwa bado vinapiganwa kaskazini mwa Italia, Roberto Rossellini alianza kupiga filamu ya *Roma città aperta*. Hapakuwa na studio. Cinecittà, mji mkubwa wa filamu aliouzindua Mussolini mwaka 1937, ulikuwa umejaa watu waliopoteza makazi. Mkanda wa kupigia picha ulikuwa adimu. Kamera ikatoka nje, kwenye barabara na ngazi za majengo halisi, ikawapiga watu ambao wengi wao hawakuwa waigizaji. Anna Magnani aliigiza mama mjamzito, Pina, anayepigwa risasi akilikimbilia gari lililomchukua mchumba wake. Hakuwa mtu wa kubuniwa tu: Machi 1944 mwanamke mjamzito, Teresa Gullace, aliuawa hivyo hivyo mjini Roma. Padri anayeigizwa na Aldo Fabrizi naye alichotwa kutoka kwenye maisha ya mapadri waliouawa kwa kuwasaidia wapiganaji wa siri.

Namna hiyo ya kutengeneza filamu ndiyo inayoitwa uhalisia mpya: hadithi za watu wa chini, kupiga picha mahali halisi, kuchanganya waigizaji na watu wa mitaani, na kuacha ile tabia ya kumaliza kila jambo kwa furaha. Mwaka 1946 Rossellini akafuatisha *Paisà*, hadithi sita zinazopanda pamoja na majeshi ya Marekani kutoka Sicily hadi mto Po. Vittorio De Sica, bingwa mwingine wa njia hii, alitoa *La Ciociara* mwaka 1960, kisa cha mama na binti wanaokimbia mabomu ya Roma. Sophia Loren alipata tuzo ya Oscar kwa uigizaji wake humo, mwigizaji wa kwanza kuipata kwa picha isiyo ya Kiingereza. Nanni Loy alisimulia siku nne ambazo watu wa Naples waliwatimua Wajerumani, Luigi Comencini akasimulia ofisa asiyejua aende wapi baada ya jeshi lake kusambaratika, na mwaka 1982 ndugu wawili Taviani wakasimulia wanakijiji wanaokimbia usiku katika *La notte di San Lorenzo*.

Zipange picha hizo kwa tarehe za visa vyake, wala si kwa miaka zilipotolewa. Ya Loy ni Septemba 1943, na ya Comencini ni kuanzia tarehe 8 ya mwezi huo huo. *Roma città aperta* na *La Ciociara* ni 1943 na 1944. *Paisà* inaanza majeshi ya Marekani yanapotua Sicily, Julai 1943. *La notte di San Lorenzo* ni kiangazi cha 1944. Waongozaji hawa hawakuwa na fikra moja. Walikuwamo wakomunisti, walikuwamo Wakatoliki, na wengine hawakushika dini wala chama. Hata hivyo, walipotaka kusimulia vita, karibu wote walikwenda kusimama kwenye kipande kile kile kifupi cha wakati, ambacho ndicho pekee ambamo Mwitalia alikuwa ameonewa waziwazi.

Filamu za Afrika zilikuwepo

Hapa atasimama mtu na kusema kwamba mwongozaji hupiga anachokiona. Roma ya 1945 ilikuwa magofu na maiti. Nani angekumbuka Uhabeshi? Pingamizi hilo lina nguvu, na lingenimaliza kama kamera za Italia hazikuwahi kufika Afrika. Zilifika, tena kwa wingi. Kati ya 1936 na 1938, wakati askari wa Mussolini wakiwa bado wanachoma vijiji, studio za Italia zilitoa filamu kadhaa za vita vya makoloni. Augusto Genina alitoa *Lo squadrone bianco* kuhusu wapanda ngamia wa Libya. Mario Camerini alitoa *Il grande appello*, na Romolo Marcellini akatoa *Sentinelle di bronzo* kuhusu mpaka wa Somalia na Uhabeshi. Iliyotamba kuliko zote ni *Luciano Serra pilota* ya Goffredo Alessandrini, iliyoshinda kombe la Mussolini kwenye tamasha la Venice mwaka 1938: rubani wa zamani anaokoa maisha ya mwanawe katika vita vya Uhabeshi, naye anakufa shujaa. Msimamizi wake alikuwa Vittorio Mussolini, mtoto wa kiongozi, ambaye mwenyewe alikuwa rubani wa ndege za mabomu huko Uhabeshi. Miongoni mwa walioandika mswada wake alikuwamo Roberto Rossellini.

Hizo zilikuwa propaganda, maana yake kazi ya sanaa iliyotengenezwa ili mtazamaji akubaliane na watawala kabla hajapata nafasi ya kufikiri. (Wakati ule ule, kati ya 1935 na 1937, Waingereza nao walikuwa Vugiri, milima ya Usambara, wakitengeneza filamu 35 za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na utii, na kuzizungusha kwa lori Afrika Mashariki yote. Kila mtawala alijua kazi ya picha.) Rossellini mwenyewe kati ya 1941 na 1943 aliongoza filamu tatu za kulisifu jeshi. Kwa hiyo mwaka 1945 hakuwa kijana asiyejua lililotokea Afrika. Alikuwa ameisaidia Afrika ya Mussolini kuingia kwenye sinema. Baada ya vita Afrika hiyo ikatoweka kwenye turubai kwa muda mrefu sana. Aliyewahi kusema sana juu ya jambo, kisha akanyamaza ghafla lilipogeuka aibu, hawezi kudai kwamba hakulijua.

Simhukumu Rossellini kwa hilo peke yake. Alibadilika, na mabadiliko yake yalizaa sanaa ambayo sisi wenyewe tunaihitaji. Ninachokataa ni ile dhana kwamba uhalisia mpya uliipokea hali ya nchi kama ilivyokuwa. Ulichagua, kama sanaa yoyote inavyochagua.

*Kwa ufupi hadi hapa:* sinema ya Italia ilikuwa na filamu nyingi za Afrika wakati wa ushindi, na karibu haikuwa nayo hata moja baada ya kushindwa. Mahali pake pakashikwa na hadithi za 1943 hadi 1945, ambazo ni za kweli na ambazo Mwitalia ndiye anayeumia ndani yake.

Mwafrika akitokea

Mtu mweusi hakufutwa kabisa. Anatokea mara chache, na kila mara inafaa kuuliza anafanya nini pale. Katika hadithi ya pili ya *Paisà*, iliyopigwa Naples, yumo Joe, askari Mmarekani mweusi. Amelewa, na mtoto wa mtaani aitwaye Pasquale anamwibia viatu. Joe akiwa amelewa anaota atakavyopokewa kishujaa nyumbani, kisha anakumbuka kwamba nyumbani kwake ni kibanda na hataki kurudi. Siku nyingine anamkamata mtoto, anamburuta hadi anakoishi, na kukuta pango lililojaa watu wasio na kitu. Anasikia kwamba wazazi wa mtoto waliuawa na mabomu. Anaviacha viatu na kuondoka. Nijuavyo, hakuna picha ya Kiitalia ya miaka ile iliyomtazama mtu mweusi kwa heshima kama hiyo: umaskini wake na wa mtoto unawekwa kwenye mizani moja. Lakini Joe ametoka Marekani. Hana deni analoidai Italia. Rossellini aliweza kumpa utu wote bila kuulizwa swali lolote kuhusu Addis Ababa.

*La Ciociara* ni ngumu zaidi. Ndani ya kanisa lililobomoka mama na binti yake wa miaka kumi na kitu wanabakwa na wanajeshi wa Morocco waliokuwa katika jeshi la Ufaransa. Uhalifu wa aina hiyo ulitokea kweli katika mwaka 1944 kusini mwa Roma, wanawake wengi waliumizwa, na hakuna hoja yoyote ya ukoloni inayoweza kuupunguza. De Sica alikuwa na haki ya kuuonesha. Ninachokiona ni kwamba picha mashuhuri kuliko zote za Kiitalia kuhusu raia na vita inamwonesha askari wa Kiafrika kama mtu asiye na jina wala neno, anayekuja kuharibu na kutoweka. Mitaa ya Addis Ababa katika Februari 1937, ambako kwa siku tatu baada ya jaribio la kumuua gavana Rodolfo Graziani wenyeji waliuawa na kuchomewa nyumba, haikupata *La Ciociara* yake kutoka Italia. Kwa mtazamaji asiyejua historia, hesabu ya mateso kati ya Afrika na Italia inabaki na upande mmoja.

Halafu yupo Mwafrika wa *La vita è bella* ya Roberto Benigni, filamu ya 1997 iliyopendwa hata na watu wasiopenda picha za vita. Benigni alifanya jambo jema: hakusubiri 1943. Anaanza mwaka 1939, sheria za kuwabagua Wayahudi zikiwa zimekwisha kupitishwa na Waitalia wenyewe, na anazikejeli darasani mbele ya watoto. Katika karamu ya hotelini inaletwa keki kubwa ya Kihabeshi, pambo la kuwafurahisha wageni. Hapo ndipo Uhabeshi inapoingia na kutoka. Benigni alijua kwamba matajiri wale wanashangilia himaya yao, na bila shaka alitaka tuwaone kuwa wapumbavu. Ila kati ya waliodhulumiwa na utawala ule, Myahudi amepewa uso, mke na mtoto. Mhabeshi amekuwa keki.

Saa inaporudishwa nyuma

Mpinzani mwenye kufuatilia sinema atanikumbusha kwamba picha za karibuni hazikukwama 1943, na ni kweli. *Mediterraneo* ya Gabriele Salvatores, iliyopata Oscar ya filamu ya kigeni mwaka 1992, ni ya mwaka 1941, wakati Italia ndiyo iliyokuwa mvamizi. *El Alamein* ya Enzo Monteleone (2002) ni ya jangwa la Misri mwaka 1942. *Comandante* ya Edoardo De Angelis, iliyofungua tamasha la Venice mwaka 2023, ni ya Oktoba 1940. Kama hoja yangu ingekuwa ya tarehe tupu, picha hizi zingeivunja.

Lakini tazama wanachofanya wanajeshi hao. Wale wa *Mediterraneo* wanaachwa kwenye kisiwa cha Ugiriki, wanacheza mpira, wanachora picha kanisani, wanapenda. Ugiriki iliyokaliwa na Wajerumani, Waitalia na Wabulgaria ilikuwa ikifa njaa majira ya baridi ya mwaka ule. Wale wa *El Alamein* wanakufa kwa kiu na kwa uzembe wa wakubwa wao, na watu wenye jangwa lile karibu hawaonekani. *Comandante* inasimulia tukio la kweli: nahodha Salvatore Todaro anaizamisha meli ya Wabelgiji katika Atlantiki, kisha anakataa kuwaacha mabaharia wake wafe na kuwaokoa. Ni kitendo cha kishujaa na kinastahili filamu. Meli iliyozamishwa iliitwa *Kabalo*, jina la mji ulio kando ya mto Lualaba, mashariki mwa Kongo, na mwezi huo huo wa Oktoba 1940 ndege za Italia ziliangusha mabomu Malindi. Tarehe imerudishwa nyuma miaka mitatu, uvamizi umekubaliwa kimyakimya, lakini Mwitalia anayechaguliwa kusimama katikati ya picha bado ni yule mwema, ambaye vita vimemkuta tu. Mazoea yaliyojengwa na filamu za 1943 yamehamia hadi 1940. Sijaona yakifika 1935.

Wapo waliojaribu, na inatosha kuona yaliyowapata. Ennio Flaiano, aliyekuwa ofisa katika vita vya Uhabeshi, aliandika riwaya ya *Tempo di uccidere*, iliyoshinda tuzo ya kwanza kabisa ya Strega mwaka 1947. Ilingoja miaka 42 kuwa filamu: Giuliano Montaldo aliitoa mwaka 1989, na Nicolas Cage akiwa luteni anayemuua mwanamke wa Kihabeshi kisha anaandamwa na hofu. Hata humo mwanamke yupo ili dhamiri ya luteni ipate cha kuitesa. Mwaka 1981 Moustapha Akkad, Msiria, alitoa filamu ya Omar Mukhtar na mapambano ya Walibya dhidi ya Graziani. Serikali ya Italia iliizuia kwa sababu kwamba inavunja heshima ya jeshi, na watazamaji wa televisheni ya Italia waliiona mwaka 2009, Muammar Gaddafi alipozuru Roma. Matumizi ya gesi Uhabeshi yenyewe hayakukubaliwa rasmi na wizara ya ulinzi ya Italia hadi 1996.

Na *The Battle of Algiers*? Gillo Pontecorvo alikuwa Mwitalia, na picha yake ya 1966 inawaweka Waafrika katikati kwa namna ambayo haijapitwa. Mimi nahesabu filamu ile kuwa kilele cha uhalisia mpya wote. Lakini mkoloni aliyemo ni Mfaransa. Mwitalia aliyeweza kuona kwa macho makali hivyo dhambi ya jirani alithibitisha kwamba ufundi haukukosekana.

Mwaka huo huo wa 1966 Italia ilitoa picha nyingine ya Afrika, na hii inatuhusu moja kwa moja. *Africa Addio* ya Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi ni filamu ya matukio halisi, siyo ya kuigiza, na ndani yake mna Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yaliyopigwa kutoka hewani: watu wanaokimbia, makundi ya maiti. Maiti wale ni wa kweli na haifai Mtanzania yeyote kuwageuzia uso. Ila filamu inaanza kuhesabu siku mkoloni anapofunga virago. Utumwa, mashamba ya karafuu, ubaguzi uliopangwa na sheria, vyote vimekwisha kabla kamera haijawashwa, kwa hiyo mtazamaji wa Roma anaona bara lililokuwa tulivu likipasuka siku lilipoachwa peke yake. Filamu za 1943 zinakata mwanzo wa hadithi na kumpata Mwitalia asiye na hatia. *Africa Addio* inakata mwanzo kwa namna ile ile na kumpata Mwafrika ambaye ukatili wake hauna chanzo.

Vita vyetu sisi

Kinachobaki ni kuuliza kilichoachwa nje ya picha kilikuwaje. King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki ambalo wazee waliliita Keya, lilikuwa katika majeshi yaliyotoka Kenya mapema mwaka 1941. Kismayu ilitekwa katikati ya Februari, Mogadishu tarehe 25 Februari, Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Haile Selassie aliingia mji wake tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu Waitalia walipoingia. Mapigano hayakwisha siku hiyo. Gondar, ngome ya mwisho, ilianguka Novemba 1941, na askari wa Afrika Mashariki walikuwapo. Katika vita vile vikuu vyote, Tanganyika peke yake ilitoa zaidi ya watu 80,000. Upande wa pili, wengi wa waliolipigania jeshi la Italia walikuwa Waeritrea na Wasomali. Mapambano yale kwa kiasi kikubwa yalikuwa ya Mwafrika na Mwafrika, kila mmoja chini ya bendera asiyoichagua.

Kumbukumbu za vita hivyo zimebaki kwa namna isiyo sawa. Mateka wa Kiitalia walioletwa Kenya waliacha kanisa dogo Mai Mahiu, kwenye barabara ya kushukia Bonde la Ufa. Mkubwa wao, Duke wa Aosta, alifia Nairobi mwaka 1942 na kuzikwa Nyeri. Felice Benuzzi, mateka aliyetoroka kambini Nanyuki mwaka 1943 ili apande Mlima Kenya kisha akarudi mwenyewe, aliandika kitabu ambacho baadaye kiliingia kwenye sinema. Kwa upande wetu, Shaaban Robert alivitungia vita vile vikuu utenzi mzima, *Utenzi wa Vita vya Uhuru*, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema Kiswahili hakikuwa na pumzi ya kuvisimulia. Turubai ndiyo iliyobaki tupu.

Watanielekezea kidole hapa, na kwa haki: kwa nini kumdai Mwitalia akiri makosa yake katika sinema, ilhali sisi tungependa picha ya askari wa Keya akiikomboa Uhabeshi, akiwa steringi asiyekosea? Naikubali hoja hiyo kuliko zote. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipofika Uzaramo, Kibasila wa Kisangire na watu wake, waliokuwa wameelemewa na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, walipambana na jeshi la Wajerumani ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika. Lilikuwa jeshi jingine, la mtawala mwingine, lakini mtu wa Kisarawe alimjua askari kwa sura hiyo muda mrefu kabla ya Keya kwenda Uhabeshi. Filamu yetu ikianza Aprili 1941 kwenye lango la Addis Ababa, tutakuwa tumefanya kile kile walichofanya waongozaji wa Roma: tumechagua siku tuliyokuwa wazuri.

Pingamizi la mwisho ni la fedha, na ndilo husikika zaidi kwa watengenezaji wa Bongo Movie: picha ya vita inataka vifaru, ndege, majeshi. *Roma città aperta* haina mapigano ya vifaru. Ina ngazi, jiko, sakristia, chumba cha mateso na barabara. Vita vya Keya navyo vilikuwa na jiko, barua iliyosomewa mama na mtu mwingine, jumbe mwenye orodha ya vijana wa kuandikishwa, gari la moshi. Chukua kisa cha Colito, kusini mwa Uhabeshi, tarehe 19 Mei 1941. Kikosi cha kwanza cha Keya ya sita, ambayo ni ya Tanganyika, kilishambuliwa na vifaru vya Waitalia. Sajenti Nigel Leakey, mzungu wa Kenya, alirukia kifaru kimoja kwa nyuma, akakifungua kwa mikono na kuwapiga risasi waliokuwemo isipokuwa dereva, kisha akauawa akijaribu kurudia. Alipewa nishani ya Victoria Cross, na kisa chake ndicho kinachosimuliwa kila Colito inapotajwa. Picha ikianza asubuhi hiyo mbele ya kifaru, steringi ni Leakey na hakuna wa kumpokonya, maana ushujaa wake ni wa kweli. Ikianza miaka miwili nyuma, siku jumbe anaposoma orodha ya majina kijijini, Leakey atafika kwenye nusu ya pili ya picha akiwa mmoja wa watu wengi tunaowajua, na mtazamaji atakuwa na sababu ya kuwaangalia wote walioko uwanjani, Mtanganyika na Mweritrea aliye upande wa pili, kabla mlio wa kwanza haujasikika.